Kikohozi Kabla ya Habari

9 Februari

Mdogo wangu Kasuku,

Mama amesema nianze na salamu, na kwamba nikizifupisha atajua kwa kuangalia mkono wangu tu. Basi pokea salamu zake. Pokea za mpwa wako Chiriku, anayedai mjomba wake anaishi ndani ya redio ya Kinyozi na anataka kujua humo ndani unalala wapi. Pokea na zangu. Sisi hatujambo, kwa maana ya kwamba tupo. Tumehamia chumba cha chini cha duka la vitambaa, pale nilipokuwa nikishonea. Cherehani yangu iko nami, Mama yuko juu ya majora ya kitambaa kama malkia, na tumebanana na majirani mpaka mtu akigeuka usingizini wote tunageuka.

Kinyozi wa ng'ambo ya barabara naye yumo, na redio yake. Betri huzianika juani asubuhi, na jioni zinapata nguvu ya kufika mwisho wa taarifa ya habari, haziendi zaidi. Kwa hiyo hatusikilizi muziki, tunakusikiliza wewe. Ukianza tu, Mama anataka kimya, na mwenye kikohozi akimeze.

Sasa nije kwenye lililonifanya nimwombe Mwalimu karatasi. Ulisoma kwamba Serikali imefikisha unga kwenye ghala la reli, na kila mkazi aende na chombo chake. Watu walitoka, wakatoka na nguo nzuri, maana mtu akienda kupokea cha Serikali hujipanga. Fundi Saa alichukua ndoo yake na akaomba abebe na yetu, ili Mama asihangaike. Walikuta kufuli na kutu yake. Walidhani mwenye ufunguo amechelewa, wakakaa kumsubiri pale penye uwazi, na mizinga ikaanza. Fundi Saa hakurudi. Ndoo yetu imerudi.

Jioni ile Mama alisema jambo ambalo limenikaa kooni. Alisema, "Nilijua. Alikohoa kabla ya kusema."

Unakumbuka, Kasuku? Ulipokuwa mdogo na kuulizwa nani amelamba maziwa ya unga, ulikuwa unakohoa kidogo kwanza, halafu ndiyo unasema si mimi. Tulikucheka nyumba nzima. Mama anasema siku ya ghala ulikohoa vile vile, kakikohozi kadogo ka mtoto mwenye midomo myeupe, naye akanyamaza kwa sababu hakutaka kukuaibisha mbele ya majirani. Sasa anajilaumu kwa ndoo na kwa aliyeibeba.

Sikuulizi kwa nini unasoma. Una familia na una bosi, na kasuku husema aliyofundishwa. Nakuomba kitu kimoja tu: usiache kukohoa.

Dada yako


2 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya Mama uipeleke kwa mikono miwili. Mwambie Chiriku nalala nyuma ya spika, kuna joto zuri, tatizo ni kelele. Wifi yako anakusalimu. Mtoto wetu mdogo ameota meno na anang'ata kila kitu, hata kiatu changu cha kazini. Sisi ni wazima, na naona haya kuandika hivyo.

Barua yako niliipokea kwa Dereva wa gari la wagonjwa, yule mwenye pengo, alipowaleta majeruhi hospitali ya huku. Aliitoa ndani ya soksi. Nilianza kuisoma kwenye ngazi za redio, nilipofika kwa Fundi Saa nikashindwa kupanda. Alinifundisha kusoma saa kabla sijajua kusoma kitabu.

Acha nikueleze kazi yangu, usije ukadhani nakaa huku nikitunga. Karatasi inatoka Kamati ya Maafa ikiwa na muhuri. Mhariri anaongeza salamu za wasikilizaji, basi. Mimi naisoma. Neno njaa haliruhusiwi, tunasema upungufu wa muda. Kuzingirwa nako hakuruhusiwi, tunasema mazingira magumu. Unga upo, dada, nimeuona kwa macho yangu, umejaa banda zima karibu na uwanja wa ndege. Unasubiri Waziri apate siku ya kuuaga mbele ya kamera. Siku ilipopatikana, wizara nyingine ikauliza kwa nini jina lake halimo kwenye magunia. Magunia yakamwagwa, yakapigwa chapa upya. Hayo sikupewa karatasi yake.

Kuhusu koo langu, mwambie Mama ni lile lile alilolizaa. Sina la kuongeza hapo, na wewe usiniulize tena kwa maandishi.

Mdogo wako


28 Machi

Kasuku mpenzi,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa mng'ataji wenu wa viatu. Chiriku amepoteza jino la mbele na sasa anafanana na Dereva, wote wawili wanajivunia. Mwalimu anafundisha watoto hesabu kwa vifungo vyangu. Kinyozi ananyoa watu bila maji, ukisikia mtu analia humu kwetu si lazima awe na msiba.

Mama amekuwa mtu mkubwa mjini. Jioni taarifa ikiisha, watu wa vyumba vya chini vya jirani wanatuma mtu aje aulize swali moja, "Amekohoa?" Uliposoma umeme umerudi ukakohoa, tukacheka mpaka Kinyozi akatupiga marufuku tusije tukamaliza hewa. Uliposoma soko limefunguliwa ukakohoa. Uliposoma unga utagawiwa uwanja wa shule, ulikohoa kabla hata hujataja shule, na Mama akasema hakuna kwenda. Hakuna aliyekwenda kati yetu. Watu wa mtaa wa chini hawana mtu wa kuwasikilizia koo, wakaenda. Sitaandika nilichoshona wiki ile. Nitakwambia tu kwamba vitambaa vyeupe dukani vimekwisha.

Kwa hiyo Mama anaheshimiwa, na heshima hiyo anaipenda, namjua. Lakini sukari yake haijui heshima. Chupa ya dawa iliyobaki naiweka ndani ya chungu chenye mchanga uliolowa maji, nampa kidogo kuliko alivyoandikiwa, na yeye anajifanya haoni. Mguu wa kushoto umebadilika rangi. Anaufunika shuka nikipita, mimi nami najifanya sioni. Tunaishi hivyo, kila mmoja anamdanganya mwenzake kwa mapenzi.

Dereva aliomba kumtoa pamoja na majeruhi. Mkubwa wa kizuizi cha barabarani alimjibu, "Wenye majeraha tu. Sukari si jeraha."

Fanya lolote, mdogo wangu. Wewe ndiye uliye karibu na masikio yao.

Dada yako


19 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo, na Mama shikamoo. Sisi wazima, ingawa mafua yameingia ofisini na mafundi mitambo wote wanapiga chafya. Mimi bado nimesimama.

Nilikwenda Kamati ya Maafa. Nilikaa kwenye benchi la wageni mpaka wafagiaji wakaniomba niinue miguu. Aliyenipokea mwishowe ni bwana mpole sana, alinikaribisha maji, akauliza Mama yangu yuko eneo gani. Nikamtajia. Akafungua jalada, akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Eneo hilo halina mahitaji, kwa mujibu wa taarifa."

"Taarifa ipi, mzee?"

"Ya redio," akasema. "Uliisoma wewe mwenyewe."

Nilikunywa maji yake nikatoka.

Lakini sasa sikiliza, maana hii ndiyo sababu ya barua. Wafadhili wa nje wamebana, na safari hii Kamati imebanika. Mabasi yanakuja. Jumamosi ijayo, tarehe 26, asubuhi, mbele ya posta. Ni kwa wagonjwa, wazee, watoto na wanaowatunza. Nimeyaona yakioshwa. Wale wa upande wa pili wamekubali kunyamazisha silaha, na madereva wamepewa njia. Ijumaa jioni nitaisoma habari hiyo, na nitaisoma kwa koo safi kabisa, ili Mama asikie na asiwe na shaka. Dada, hii ni kweli. Mchukue Mama, mchukue Chiriku, cherehani iache. Waambie majirani wote waende.

Dereva amenihakikishia barua hii itakufikia kabla ya Ijumaa. Hata isipofika, nisikilizeni tu. Nimeshamwambia wifi yako atandike kitanda cha Mama karibu na dirisha.

Mdogo wako


27 Aprili

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi, naandika haraka, maana kuna mpita njia anayejaribu kuvuka leo. Sijapata barua yako tangu ile ya Machi, na Dereva haonekani. Sisi tupo wote, na tupo kwa sababu yako, ndiyo maana lazima niandike.

Ijumaa ulisoma habari za mabasi. Sijawahi kukusikia ukisoma vizuri vile, polepole, kila neno na nafasi yake. Chiriku alikuwa ameshavaa viatu kabla hujamaliza kutaja posta. Mwalimu alianza kukunja blanketi la wanawe. Mama alinyoosha mguu mwenyewe, bila kuficha, ili niufunge vizuri kwa safari. Nakuapia nilishaanza kuagana na cherehani.

Halafu ukakohoa. Wala si kale kakikohozi ketu. Ulikohoa kwa nguvu kabla ya kusema asubuhi, ukakohoa tena kabla ya kusema silaha zitanyamaza, kama mtu anayetaka hata kiziwi asikie. Kinyozi alimtazama Mama. Mguu wa Mama ulikuwa bado umenyooka. Akaurudisha ndani ya shuka.

"Hakuna kwenda," akasema. "Mwanangu leo amenipigia kelele."

Jana asubuhi tulisikia injini kwa mbali. Mwalimu alisimama mlangoni akitaka kuchungulia, Mama akamwambia hata mtego huwekwa chambo. Akarudi akakaa. Chiriku alilia akilala na viatu vyake. Hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda, wala wa vyumba vya jirani, wote walileta mtu wa kuuliza na wote tukawajibu.

Asante, Kasuku. Najua ulijiweka hatarini kukohoa kwa sauti vile mbele ya wakubwa zako. Mama anasema kumbe hakukuzaa bure. Dawa imebaki ya kukwangua, lakini leo amechangamka, anawasimulia watu habari za maziwa ya unga.

Dada yako


20 Mei

Dada,

Shikamoo. Mama shikamoo. Huku watoto ni wazima. Wifi yako anasalimu. Mvua zimekuwa nyingi, paa la jikoni linavuja, nimeweka sufuria.

Mimi nilishikwa na mafua siku zile za mwisho wa Aprili, yakashuka kifuani. Nilimwomba mkuu wangu amruhusu mwenzangu asome badala yangu. Alikataa, akasema habari kama ile watu wa kwenu wanaamini sauti yangu peke yake. Nilikunywa maji ya moto na asali mpaka mlangoni mwa studio. Sasa nimepona.

Dereva walikuwa wamemshikilia kizuizini muda wote huu pamoja na mfuko wake wa barua. Wamemwachia juzi. Nimempa dawa ya Mama ndani ya chupa ya chai yenye barafu, na barua hii. Nakuomba jambo moja. Katika mfuko wake kuna barua yangu ya zamani, ya Aprili. Usiifungue. Ni mambo ya ofisi, yamepitwa na wakati. Iwashie moto upike.

Barua yako ya kunishukuru nimeipata.

Mguu wa Mama unaendeleaje? Wiki hii Kamati inakaa kuamua kama mabasi yarudi. Nimekwenda kwa yule bwana mpole. Nilipiga magoti, dada, kwenye zulia lake, na yeye akaniambia niinuke nitachafua suruali.

Mdogo wako


11 Juni

Kasuku,

Leo sina salamu za Mama za kukupa. Chiriku hajambo. Lile jina lake halimfai tena, siku hizi akiulizwa jambo anatikisa kichwa tu. Mimi naandika, kwa hiyo unaona hali yangu.

Barua zako mbili zilifika kwa pamoja. Nilifungua ya zamani kwanza, kama mtu yeyote angefanya. Nilipofika kwenye ile inayonikataza, nilikuwa nimeshasoma habari za kitanda karibu na dirisha.

Dawa haikufaa. Kizuizini walifungua chupa ya chai kutafuta silaha, wakaiacha juani wakijadiliana. Dereva aliileta akilia, na kichupa ndani kimeingia ukungu. Mama alikuwa bado anazungumza siku hiyo. Alitaka kujua umeandika nini. Nilimsomea mvua, paa na sufuria, nikaruka mafua. Akanyooshea kidole ile nyingine mapajani mwangu, akauliza, "Na hiyo?"

Nikamwambia ni mambo ya ofisi. Neno ulilonipa nililitumia. Na kabla ya kulisema, Kasuku, nilijisikia nakohoa. Aliniangalia muda mrefu, halafu akaomba maji. Mpaka leo sijui kama alisikia. Nataka kuamini kwamba masikio yalikuwa yameshachoka. Alifariki alfajiri ya Alhamisi. Kitambaa kilichobaki dukani kilikuwa cha maua makubwa mekundu, nikamshonea hicho. Angekuwa hai angenitania.

Majirani wanajua. Wale waliobaki wa mtaa wa chini, wasiokuwa na mtu wa kuwasikilizia koo, walikwenda posta siku ile na mabasi yakawachukua. Dereva ameleta barua zao. Wanalala kwenye madarasa, watoto wao wamepimwa, wanakula asubuhi na jioni. Mwalimu alisoma barua mojawapo kwa sauti mpaka mwisho, akaikunja, akawatazama wanawe wawili. Tangu hapo hajanisemesha, na vifungo vyangu amenirudishia.

Nimekuchukia, mdogo wangu. Nimekuchukia hasa, kwa siku nyingi, na bado sijamaliza. Halafu nakumbuka aliyekuomba usiache kukohoa ni nani, nakosa mahali pa kuiweka ile chuki. Mafua hayana kosa. Wenye kosa ni waliotufikisha mahali pa kusikiliza koo la mtu badala ya maneno yake, na hao nadhani hata chafya hawapigi.

Juzi tulikusikiliza. Sikutaka, lakini Kinyozi alikuwa ameanika betri. Ulisoma kwamba mabasi yale yalirudi na viti vingi vitupu, na kwa hiyo Kamati imeridhika kuwa wakazi hawana haja ya kuondoka, na kwamba hayatakuja tena. Chumba kizima kilisogea. Mwalimu naye alisogea. Chiriku alishika viatu vyake. Kinyozi alizungusha kitufe mpaka sauti ikaanza kukwaruza, ili kikohozi kisitupite, na wote tukawa tunasubiri, hata mimi, mpaka uliposema usiku mwema.

Hukukohoa.

Dada yako